Mji Uliosilimu

"Kandika huko nyuma, moto unavuja," Daimu alimwambia binti yake. Shukuru akachota tope kwa viganja, akaziba ufa wa tanuri.

Tangu ruksa ya biashara huria ianze, mtaa wote wa Mshangano ulikuwa unajenga, na matofali ya Daimu yaligombewa yangali ya moto. Kazi ilikuwa imempinda mgongo. Lakini alipotaja kwao alinyooka: Mshirazi wa Kilwa. Kila mnunuzi aliambiwa kwamba Shiraz, mji wa mababu zake huko Uajemi, ulijengwa na Waislamu kwenye ardhi tupu, mji usiowahi kuabudu kingine.

Ndiyo maana Leonce alikataliwa. Fundi baiskeli huyo wa Bombambili alisilimu mwaka jana, akaitwa Idrisa, akaleta posa ya Shukuru mara mbili. Mara zote Daimu aliirudisha, akiuliza kama harufu ya nguruwe wa kitimoto imeshamtoka kinywani. Kesho wajomba wa kijana wangekuja tena, na wakikataliwa wasingerudi.

Shukuru, mwalimu wa historia, alipangusa mikono kwenye kanga.

"Baba, Shiraz ni ya zamani kuliko tunavyosema. Wachimbaji wamekuta vibao vya udongo vimeandikwa jina lake, zaidi ya miaka elfu kabla ya Mtume."

"Nani kasema?"

"Wanaoyasoma maandishi hayo."

Daimu alicheka. Wazungu, alisema, hawakosi udongo wa kufinyangia uongo. Kisha kicheko kikamwishia.

"Waliokuwamo waliabudu nini?"

"Vya kwao. Waislamu walikuja baadaye, wakaukuza mji. Shiraz ilisilimu, baba. Kama Idrisa."

Daimu alimgeukia kwa hasira, kidole juu, kisha akakishusha. Akachutama mbele ya mdomo wa tanuri, akausukuma ndani ukuni ambao haukuhitaji kusukumwa. Bila kugeuka aliuliza kama vibao hivyo vilichomwa au vilianikwa tu. Shukuru hakujua.

"Udongo wa kuanika ukinyeshewa unarudi tope," Daimu alisema taratibu. "Kama vilianikwa tu na vimefika leo, kuna aliyevisitiri."

Asubuhi wajomba walipanda kilima cha kwa Daimu wakikokota baiskeli. Daimu alikuwa amesimama kizingitini, kofia kichwani, ameziba mlango mzima. Wazee walisalimu, akaitikia. Nyuma yao Idrisa alitoa salamu kwa Kiarabu, neno kwa neno, kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe.

Daimu alimtazama. Kisha akasogea pembeni, na ndani kukaonekana mkeka uliotandikiwa wageni, birika la chai, na jua lililotangulia kuingia.