Mafuta ya Mama Nurdin

Faidha, mtoto wa kaka yangu, alijipikia mafuta ya ngozi ya kujipaka siku ya harusi yake, na kwa kiherehere chake wiki iliyopita akampelekea chupa moja mama mkwe mtarajiwa, Mama Nurdin, kule Newala. Mimi shangazi yake nilimwambia asubiri kwanza. Nani anamsikiliza shangazi siku hizi?

Kwa kuyatazama, mafuta hayakuwa na kasoro. Majani ya mwarobaini na mchaichai aliyakausha kivulini, akayaloweka kwenye mafuta ya ufuta, chupa akaisimamisha ndani ya sufuria ya maji ya moto mpaka rangi ikageuka kijani. Alipoyachuja, nyumba yetu hapa Chiwata ilinukia yote. Juzi jioni mimi nikajipaka shingoni.

Asubuhi shingo ilikuwa imevimba, inawaka, imejaa malengelenge. Moto ule naujua. Kila anayebangua korosho anaujua.

"Faidha, majani uliyaanika kwenye nini?"

"Kwenye ungo, shangazi."

"Ungo upi?"

Akanionyesha kwa kidole. Ulikuwa ungo tunaowekea maganda ya korosho, na utomvu wa maganda, ule unaobabua ngozi, hautoki kwa kukung'uta. Nilimfokea mpaka nikachoka. Kisha nikamwonea huruma, maana harusi ni Jumamosi, na mama mkwe akiungua, watu watasema Nurdin anaoa mchawi.

"Mpigie, mwambie mafuta yameoza, ayamwage," nikasema. "Habari ya ungo usiitaje."

"Na kama ameshapaka? Atajitibu vipi bila kujua kilichomuunguza?"

Nikazidi kuudhika. Akapiga, akaweka spika.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu, hamjambo huko?"

"Mama, mafuta yale usipake. Nimeyaharibu mwenyewe. Majani niliyaanika kwenye ungo wa maganda ya korosho. Naomba unisamehe."

Faidha machozi yalikuwa yanamtiririka, na mimi nilijuta kumfokea.

"Kumbe ndiyo maana," Mama Nurdin akasema. "Mikono yote imechubuka."

"Mbona hukusema, mama?"

"Ningesemaje? Nilidhani ngozi yangu ya kizee ndiyo imeyakataa. Nikaendelea kupaka kila jioni, usije ukafika hapa ukakuta chupa bado imejaa."