Namba Zilizotulia Mno

Kwa miaka ishirini na miwili nimelipwa mshahara kutazama vitu vikivunjika. Mume wangu ni fundi viatu, na hupenda kuwaambia wateja wake kwamba kwake vitu vinaingia vibovu vinatoka vizima, kwa mkewe vinaingia vizima vinatoka vibovu, na bado mkewe ndiye mwenye pensheni. Wateja hucheka. Mimi pia hucheka, ila si kila siku.

Kazi yenyewe ni hii. Katika chumba cha chini cha jengo la uhandisi kuna mashine tunayoiita Mchoshaji. Inashika ukanda wa chuma mwembamba kuliko ukucha, ndani ya mtungi wa kioo ambao pampu imeunyonya hewa yote. Inauvuta na kuulegeza, inauvuta na kuulegeza, mara thelathini kwa sekunde, bila kulala. Chuma nacho huchoka kama mtu, na kikichoka hupasuka. Kila siku saa mbili asubuhi nasimamisha mashine, nainamia hadubini, napima ufa umefika wapi, naandika daftarini. Unywele wa kichwani una unene wa maikroni sabini hivi. Mimi napima ufa hadi maikroni moja. Wanafunzi waliponipachika jina la Mama Hadubini sikulikataa, maana nililistahili.

Namba tunaziandika kwa penseli, na mfukoni mwa koti langu hakikosekani kifutio. Jicho ni jicho. Kuna asubuhi unapima, unaandika, halafu unaona namba ya leo ni ndogo kuliko ya jana, yaani ufa umefupika. Sasa ni ufa gani duniani unaofupika? Wahenga waliosema usipoziba ufa utajenga ukuta hawakusema usubiri ujizibe wenyewe. Basi unajua umepima vibaya, unafuta, unairudia namba ya jana, unaendelea na chai yako. Nilifundishwa hivyo wiki yangu ya kwanza na Profesa mwenyewe. Siku zile alikuwa kijana mwenye nywele, na siku chache za mwanzo alipima na kuandika yeye nikimtazama. "Ufa haurudi nyuma," aliniambia. "Ukiuona umerudi, ni jicho lako."

Kutokana na madaftari yangu Profesa alichora mchoro uliompa jina. Ni mstari unaopanda, unatulia, unapanda tena, na haushuki hata mara moja. Umetundikwa ndani ya fremu nyuma ya kiti chake, na chini yake, kwa herufi ndogo, nimeshukuriwa mimi. Marehemu mama yangu niliwahi kumleta auone. Aliutazama sana, kisha akauliza hiyo ngazi inakwenda wapi.

Chaki, binti mwanafunzi wa utafiti, alitujia kutoka jengo la hesabu. Ndivyo tulivyomwita, kwa sababu vumbi la chaki lilikuwa limempanda hadi kwenye nyusi. Alikuwa hajawahi kushika chuma zaidi ya kijiko, lakini alikuwa na karatasi mia na ishirini za milinganyo, na milinganyo hiyo ilisema jambo la kuchekesha: kwamba chuma chenye chembe ndogo sana, kikiwa mahali pasipo na hewa, kuna wakati ufa wake hurudi nyuma.

Tulicheka hadi mafundi wa chumba cha pili wakaja kuuliza kulikoni. Profesa hakucheka. Alimpa nafasi, kwa haki kabisa: asome madaftari yangu yote ishirini na mawili, na akipata ufa mmoja uliorudi, aende mbele ya jopo la watahini siku ya Alhamisi. Asipopata, mada ile ifungwe na miaka yake miwili ihesabiwe kuwa imekwenda na maji.

Alisoma siku tatu kwenye meza yangu, kimya, akijipaka wino mdomoni. Jumanne mchana akainua kichwa.

"Mama, samahani. Huu ufa hapa umelala siku tatu kwenye mia mbili thelathini na moja."

"Ulipumzika. Nyufa hupumzika, mwanangu."

"Najua, Mama. Ila hata kitu kilicholala, ukikipima mara tatu mkono unatikisika kidogo. Utapata thelathini na moja, thelathini na mbili, thelathini. Mama, siku zingine zote mkono wako unatikisika, kama mkono wa mtu yeyote. Lakini ufa ukipumzika tu, mkono nao unaganda. Siku tatu namba ileile. Pengine siku saba." Aliweka kidole ukurasani. "Hizi namba zimetulia mno."

Damu ilinipanda. Nilimuuliza kama ananiita mwongo. Akasema hapana. Nikamuuliza kama ananiita mvivu, kwamba nakaa hapa nakopi namba ya jana huku nakunywa chai. Akasema hapana, Mama, hapana, na machozi yakaanza kumtoka. Nikamwambia kwamba nilianza kupima nyufa kabla yeye hajaota meno, na kwamba kama hesabu zake hazitaki kukubaliana na chuma, akazifundishe adabu hesabu zake. Alikusanya karatasi zake akaondoka. Moja ilimdondoka mlangoni, naye hakurudi kuiokota.

Jioni nilimsimulia mume wangu, nikitarajia anipe pole. Alikuwa anabana soli iliyotoka kupakwa gundi, akiikandamiza kwa vidole gumba viwili.

"Nyufa zikianza kujiziba, sisi wa viatu tutakula wapi?" alisema. Kisha akaniangalia juu ya miwani. "Lakini wewe uliandika ulichokiona?"

"Niliandika kilicho sahihi."

"Sikukuuliza hivyo, mke wangu."

Nilimwambia ashughulike na viatu vyake.

Jumatano nilifika saa moja, kabla ya watu wote. Nilikuwa na hasira bado, na hasira hiyo ndiyo iliyoniamsha mapema. Nilisimamisha Mchoshaji, nikainama, nikapima. Jana ufa ulikuwa maikroni mia nne na kumi na mbili. Leo ulikuwa mia nne na tano.

Nataka niseme ukweli: mkono wangu ulikwenda wenyewe. Ulikuwa umeshaandika nne na moja, bado mbili tu ikamilike mia nne na kumi na mbili, ndipo nikalisikia swali la yule mzee wa viatu. Nikaweka penseli chini. Nikapima tena nikapata mia nne na tano. Nikafuta kioo cha hadubini, nikafuta na miwani yangu, nikapima mara ya tatu. Mia nne na sita.

Basi nikafanya jambo ambalo kwa miaka yote ile sikuwahi kulifanya, kwa sababu kazi yangu ni kupima na kuondoka. Niliiwasha mashine polepole kabisa, mvuto mmoja kwa dakika, nguvu ndogo, na sikuondoa jicho.

Ufa chini ya hadubini ni mweusi. Unaonekana kama njia nyembamba ya miguu inayopita katikati ya mashamba, na mashamba ndiyo chembe za chuma, kila moja na mng'ao wake. Mwanzoni sikuona kitu. Kisha, mashine ilipolegeza, kingo mbili za ncha ya ufa zilikaribiana, zikagusana, na mashine ilipovuta tena hazikuachana. Palipokuwa na weusi pakawa na chuma. Hapakuwa na kovu wala mshono. Nilijua pale pale palikuwa pamepasuka, nilipaona kwa macho yangu dakika moja nyuma, na sasa nisingeweza kuonyesha mahali penyewe. Mashine ikalegeza tena, na njia ile ikajifunga hatua nyingine.

Niliogopa, nasema kweli, jinsi mtu anavyoogopa akimwona aliyezikwa anapita barabarani na kikapu. Hakuna mkono uliokuwa umekigusa kile chuma. Hapakuwa na moto, gundi wala fundi. Chuma kilikuwa peke yake ndani ya mtungi usio na hata pumzi moja ya hewa, na kilikuwa kinapona.

Nilimpigia Chaki simu. Nilimwambia neno moja tu, njoo, naye akaja na viatu visivyofanana.

Aliinama kwenye hadubini akatazama mivuto kadhaa kabla ya kuinuka.

"Ni kama madonge mawili ya unga uliokandwa, Mama," alisema kwa sauti ndogo. "Ukiyabana yanakuwa donge moja, huwezi kujua yaliungana wapi. Lakini ukiyanyunyizia unga mkavu kwanza, hayashikani. Kwa chuma, hewa ndiyo unga mkavu. Hapa hakuna hewa."

Kisha akatafuta ile karatasi aliyoidondosha jana, ambayo nilikuwa nimeiokota na kuiweka mezani, nikijiambia ni kwa ajili ya usafi tu. Akanionyesha mstari wa chini kabisa. Alikuwa ameupigia hesabu ukanda huu huu, wiki iliyopita, ubaoni, kwa chaki. Kati ya mia nne na mia nne na saba, ndivyo ilivyoandikwa.

Nilimtazama yule mtoto. Aliliona jambo hili akiwa amekaa kwenye kiti, kwenye chumba kisicho na mashine, kwa kufuata namba moja baada ya nyingine mpaka zikamfikisha. Mimi nililala nalo chumba kimoja miaka ishirini na miwili. Sijawahi kumheshimu mtu vile, na sikujua nimwambie nini. Nikamwambia viatu vyake havifanani.

"Asubuhi moja haitoshi," alisema baada ya kucheka kidogo. "Profesa atasema ni jicho."

"Si asubuhi moja," nikasema.

Alinielewa kabla sijamaliza. Alinishika mkono wa koti. "Mama, usifanye hivyo. Umebakiza miezi minne ustaafu. Watasema madaftari yako yote si ya kuaminika. Mimi nitabadili mada, bado nina umri."

Ni kweli kwamba niliwaza. Niliwaza lile jina dogo chini ya fremu, na sherehe ya kuniaga, na hotuba ambayo Profesa angesoma kuhusu uaminifu wangu. Niliwaza hayo hadi kwenye ngazi za kupandia ofisini kwa Profesa, daftari la kwanza likiwa kwapani.

Profesa alikuwa anakunywa chai chini ya mchoro wake.

"Nimekuja kukuambia kwamba nimefuta," nikasema. "Kila ufa uliorudi nyuma, niliufuta. Yule binti yuko sahihi."

Aliweka kikombe chini. "Mama Hadubini, unajua unachokisema? Hiyo ni kazi yako nzima. Na ni yangu pia."

"Najua."

"Yalikuwa makosa ya jicho. Tulikubaliana."

Sikubishana. Nilifungua daftari katikati, nikalaza penseli ubavu, nikaupaka ukurasa mzima kijivu, taratibu, bila kukandamiza. Kifutio huondoa rangi ya penseli, lakini shimo lililoachwa na ncha hakiliondoi. Chini ya mia mbili thelathini na moja ilijitokeza, nyeupe, mia mbili ishirini na sita. Kesho yake, chini ya mia mbili thelathini na moja, mia mbili na kumi na tisa. Keshokutwa yake, mia mbili na kumi na nne. Mistari iliyokuwa imelala kwenye fremu ilikuwa ngazi za kushuka.

Profesa alinyoosha mkono nikampa penseli, na akaanza kupaka mwenyewe, ukurasa baada ya ukurasa, akirudi nyuma kuelekea mwanzo wa daftari. Kila namba ilipojitokeza aliisoma kwa midomo bila sauti. Chai yake ilipoa. Alifika kwenye kurasa za wiki ile ya kwanza, wiki aliyonifundisha, akapaka, na mkono ukasimama.

Palikuwa pameandikwa themanini na nane. Chini yake, nyeupe, palikuwa na sabini na saba: saba mbili, kila moja imekatwa katikati kwa kistari. Mimi sikati saba zangu. Katika jengo lile zima ni mtu mmoja tu anayezikata.

Nilimwonea huruma, na nilitamani nimwambie kitu, lakini hiyo haikuwa nafasi yangu.

"Niliiona," alisema mwishowe. Sauti yake ilikuwa ya yule kijana mwenye nywele. "Mama Hadubini, niliiona mimi mwenyewe, kabla yako."

Chaki alikuwa amesimama mlangoni, bado na viatu vyake visivyofanana. Profesa alimwona. Aliinuka, akavuta kiti chake kutoka chini ya mchoro, na akamfanyia ishara akae. Kisha akaniuliza kama kule chini nina penseli nyingine, na kama madaftari mengine ishirini na moja yanaweza kuletwa yote.

Tulipaka hadi saa kumi na moja jioni, watatu, tukiwa tumechafuka vidole kama watoto wa chekechea, na kila aliyepata ufa uliorudi alisoma namba kwa sauti na Chaki akaiandika. Kabla ya giza tulikuwa tumefikia mia mbili na sita. Mara mia mbili na sita chuma kilipona mbele ya macho yangu, na kila mara nilipuliza vumbi la kifutio nikaenda kunywa chai.