Mkataba wa Asali

"Mheshimiwa Spika," alianza Adriano, na kaka Mathias akainua mkono tunyamaze. Tulikuwa tumejazana mgahawani kwa Abdulatifu, hapa Igalula, wafugaji wa nyuki watupu, macho kwenye runinga aliyoiunganisha na simu yake. Kijana wetu alikuwa amependeza mno.

Adriano ni mtoto wa marehemu mdogo wetu. Kaka ndiye aliyemlea, akamsomesha kwa asali ya mizinga ya magome, ile ile ambayo mkataba mpya wa biashara na nchi za nje ungeizuia kuvuka mpaka. Ungekubali ya mizinga ya masanduku tu. Na sisi masanduku tungeyatoa wapi?

Wiki chache kabla, alikuja nyumbani. Kaka akamtengea bakuli la asali, kwani kwake sukari haikuwahi kuingia, hata ya chai.

"Serikali imeshasaini, baba," Adriano alisema akilamba vidole, "lakini mkataba hautufungi mpaka Bunge liuridhie. Mimi nimo kwenye kamati. Nitasimama niombe uahirishwe, ninyi msikilizwe kwanza."

"Utasimama kweli, mwanangu?"

"Baba, mimi nimelelewa na nyuki hawa."

Basi siku ile akasimama. Akaunguruma! Akauliza ni nani aliyewahi kuugua kwa asali ya Tabora. Akamtaja kaka kwa jina, nasi tukapiga makofi mpaka vikombe vikatikisika. Kengele ikalia, muda wake umekwisha. Akakusanya karatasi zake, akasema harakaharaka, "Baada ya kusema hayo, naunga mkono hoja kwa asilimia mia moja."

Wengine waliendelea kupiga makofi. Kaka akanigeukia.

"Agnetha, ameshaomba?"

Spika akawahoji wanaoafiki, na tukamwona Adriano wetu, kinywa wazi, akisema ndiyo. Mkataba ukapita mchana kweupe, na mtu wa kwanza kutuuza alikuwa wa kwetu.

Krismasi akaja, na kreti za soda kwenye gari.

"Shikamoo, baba. Mlinisikia nilivyowatetea?"

"Marahaba. Tulikusikia." Kaka hakuinuka kitini. "Agnetha, mpe mgeni chai."

Nikaenda jikoni. Kwa mazoea nikanyoosha mkono kuchukua bakuli la asali. Mahali pake palikuwa na pakiti ya sukari, ambayo kaka alikwenda kuinunua mwenyewe asubuhi ile.