Bahasha ya Ndani

"Inatangazwa kwa wajumbe wote wa semina ya elimu ya mpiga kura itakayofanyika Nyasura, Bunda, kwamba kalamu zitakazotolewa zitakuwa za wino mweusi, na si wa bluu kama ilivyoelezwa katika tangazo la tarehe 28 Agosti 1995. Usumbufu wowote utakaojitokeza unasikitikiwa."

Tangazo hilo lilipigwa chapa, likagongwa muhuri wa Jumuiya ya Raia Waelewa, likabandikwa mahali panne. Kwa kadiri inavyojulikana, ndiyo taarifa pekee ya shirika hilo iliyowahi kusahihishwa na mtu. Kitabu cha mafunzo hakikupata bahati hiyo. Kilitafsiriwa kwa haraka kutoka kitabu cha nchi ya wafadhili, ambako raia aliye mgonjwa, mzee au msafiri hupiga kura akiwa nyumbani kwake na kuituma kwa posta. Mfasiri alilipwa kwa ukurasa, kwa hiyo hakuruka ukurasa. Sura ya sita, "Jiandae Kupiga Kura kwa Posta", iliingia kitabuni nzima, pamoja na mchoro wa bahasha mbili, moja ndani ya nyingine. Sheria ya uchaguzi iliyokuwa ikitumika Tanzania haikuijua kura ya namna hiyo.

Miongoni mwa waliopokea kalamu nyeusi alikuwa Leodgar wa Bugwema, mtu wa miaka hamsini na miwili. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa karani wa mizani katika chama cha ushirika cha pamba, mpaka walipokuja wanunuzi binafsi na mizani yao wenyewe, na barua ya kupunguzwa kazi ikamfuata shambani. Barua ile aliihifadhi ndani ya mfuko wa nailoni. Hakuwa na kinyongo nayo, kwa kuwa ilikuwa imeandikwa vizuri. Leodgar aliamini kwamba jambo likishaandikwa, yupo mtu aliyelifikiria kabla. Ni imani ya heshima, na ndiyo iliyoleta hasara yote inayosimuliwa hapa.

Alirudi kijijini na vitabu sitini na cheo cha mwalimu. Kitongoji chake cha Ng'ambo kilitenganishwa na mto na shule iliyopangwa kuwa kituo cha kupigia kura. Daraja la magogo lilichukuliwa na maji mwaka juzi, na ujenzi wa daraja jipya ulikuwa ukisubiriwa bila papara na wote waliohusika. Uchaguzi ulipangwa mwisho wa Oktoba, majira ya vuli, wakati mto huo hujaa. Watu wa Ng'ambo walisikiliza sura tano za kwanza kwa adabu. Walipofika ya sita waliomba isomwe tena.

Aliyeisikiliza kuliko wote alikuwa Eufrasia Masatu, mjane mwenye nyonga mbovu. Mumewe, Bernado, alifariki Februari. Baada ya msiba Eufrasia alikwenda kwa ndugu zake Majita kutibiwa nyonga, akakaa miezi miwili. Aliporudi alimkuta shemeji yake, Clementi, mdogo wa marehemu, ameshapima shamba kwa hatua na kudai kwamba mwanamke amehama, na shamba la aliyehama hurudi kwa ukoo. Clementi alilifikisha shauri kwenye baraza la usuluhishi lililokuwa likikaa Butiama kila Jumanne ya pili ya mwezi, na likapangiwa tarehe 14 Novemba. Majirani ambao wangeweza kutoa ushahidi walikuwa wote wa ukoo wa Clementi. Ndoa yake ilifungwa kwa ng'ombe, nao hawatoi cheti. Karatasi moja tu duniani ilisema kwamba Eufrasia Masatu, mke wa marehemu Bernado, ni mkazi wa Bugwema, kitongoji cha Ng'ambo: shahada yake ya kupigia kura, aliyopewa alipoandikishwa mwaka huohuo. Aliiweka ndani ya kopo la majani ya chai, na kila Jumapili alilifunua kopo kuhakikisha kwamba imo.

Kazi ya kufunga bahasha ilifanyika barazani kwa Leodgar, juu ya meza aliyopewa na ushirika mahali pa kiinua mgongo. Karatasi za kura hazikuwapo, lakini kitabu kilikuwa na mfano wake, nao wakaunakili kwenye kurasa za daftari la shule. Kila mmoja alitia alama kwa kificho, akatia karatasi kwenye bahasha ya ndani, isiyo na jina, iliyoandikwa KURA. Bahasha ya nje ilibeba jina, sahihi na shahidi. Shahidi alikuwa Leodgar, mara arobaini na moja.

Ugumu ulikuwa mmoja. Kitabu kilidai nakala ya shahada, na mashine ya kutoa nakala iliyokuwa karibu ilikuwa Bunda, nayo ilikuwa imeishiwa wino tangu Julai. Leodgar alilifikiria jambo hilo kwa siku mbili, kisha akatoa hoja ambayo hakuna aliyeweza kuipinga: ofisi inayoridhika na nakala haiwezi kukataa shahada yenyewe. Na kwa kuwa bahasha za nje hufunguliwa na wezi njiani, shahada iwekwe kwenye bahasha ya ndani, penye usalama.

Eufrasia alifika na kopo lake, akakaa nalo mapajani.

"Mwalimu, hii nikiiachia, mimi nabaki na nini?"

"Unabaki na haki yako, mama. Wakishahakiki, inarudi. Halafu soma hapa, ukurasa wa thelathini na nne. Kila mpiga kura atatumiwa barua ya kuthibitisha kwamba kura yake imepokelewa, yenye jina lake kamili na mahali anapoishi."

"Barua ya serikali?"

"Yenye muhuri."

"Na kuhakiki huwa ni siku ngapi?"

Leodgar alitazama kitabu. "Ni siku za serikali."

Mzee Jilala, aliyekuwa kwenye benchi akingoja zamu yake, alisema kwamba siku za serikali anazijua, babu yake aliandikiwa barua na Mjerumani na jibu bado liko njiani. Watu walicheka. Eufrasia hakucheka. Alikuwa akilinganisha karatasi moja aliyonayo na karatasi mbili atakazokuwa nazo mbele ya baraza, ya pili ikiwa na muhuri. Akalifungua kopo, akaikunja shahada pembeni mara mbili ili aitambue, akaitia ndani na kulamba gundi.

Bahasha zote arobaini na moja zilipelekwa Bunda kwa baiskeli na kutiwa kwenye sanduku la posta, zikiwa zimeandikiwa ofisi iliyoshughulikia uchaguzi, Musoma. Leodgar alipitia Nyasura kutoa taarifa ya mafanikio. Mkurugenzi wa Jumuiya, Bwana Nathanieli, aliisoma taarifa akitabasamu mpaka aya ya tatu. Kisha aliomba aonyeshwe kitabu, ambacho dibaji yake aliiandika yeye, akasoma sura ya sita kwa mara ya kwanza. Aliuliza watu wangapi. Akajibiwa. Alisema kwamba mambo ya namna hii hutokea katika demokrasia changa. Juma lililofuata shirika lilitoa waraka ukieleza kwamba kurasa za 31 hadi 38 zisomwe kama maarifa ya jumla.

Leodgar alimpelekea Eufrasia habari hiyo mwenyewe, na inafaa aandikiwe hilo. Kesho yake walipanda gari la mizigo kwenda Musoma.

Karani wa masjala aliitwa Hana, msichana mwenye adabu. Ndiyo, bahasha zilifika. Alizifungua za nje, akahesabu za ndani, akaingiza idadi kwenye rejista. Eufrasia alimwomba aonyeshwe ile ya nje yenye jina lake, ili ya ndani itafutwe.

"Za nje tuligeuza, mama," Hana alisema. "Ofisi haijaletewa bahasha tangu Mei. Tukipataga iliyotumika, tunaigeuza ndani nje, tunabandika, tunaandikia upya. Zenu zilikuwa nzuri. Nyingine zimeshaenda Tarime."

Bahasha za ndani zilikuwa kwenye sanduku la chuma, limefungwa kwa lakiri. Afisa aliyekuwa na mamlaka juu ya sanduku hilo aliwapokea vizuri na kuwapa viti. Alikuwa ameshalifikiria tatizo lao kwa kina, na hicho ndicho kilichokuwa kibaya. Sheria haizitambui kura za posta, alieleza, kwa hiyo haikuzipangia siku ya kuhesabiwa, na kufungua kura kabla ya siku ya kuhesabu ni kosa la jinai.

"Lakini umesema sheria haizitambui," Leodgar alisema. "Basi si kura."

"Kama si kura, kwa nini zimeandikwa KURA?"

"Niliziandika mimi."

"Kwa hiyo unaniomba niamini maandishi yako ya leo, niyapuuze ya mwezi uliopita."

Eufrasia alisogeza kiti mbele. "Baba, mimi yangu ninaijua. Nimeikunja pembeni mara mbili. Ukiipapasa kwa juu unaisikia. Niruhusu nipapase tu, sifungui."

Afisa alimtazama kwa huruma ya kweli. "Mama, mtu haruhusiwi kuitambua kura yake akishaipiga. Hiyo ndiyo siri yenyewe. Inakulinda wewe."

"Inanilindaga na nani?"

Afisa aliwaambia kwamba hata daftari la wapiga kura lisingewasaidia, kwa kuwa lilishagawanywa vituoni na baada ya kura lingesafirishwa kwenda Dar es Salaam. Aliahidi kuandika barua. Aliitimiza ahadi hiyo, na haifai kusema kwamba watumishi wa zama zile hawakutimiza lolote.

Mvua za vuli zilichelewa mwaka ule. Siku ya kupiga kura mto ulikuwa na maji ya kufika kifundoni, na watoto walivua kamongo kwenye matope. Waliokuwa na shahada walivuka wamebeba viatu mkononi. Arobaini na moja walibaki Ng'ambo, wengi wao barazani kwa Leodgar, bila kusema walichokijia. Clementi, ambaye hakuhudhuria mafunzo kwa sababu alikuwa akipima shamba la kaka yake, alipita karibu kuliko njia ilivyomlazimu. Kidole chake kilikuwa na wino wa kupigia kura.

"Shemeji, hujambo? Nasikia wewe siku hizi unapigaga kura kwa stempu."

"Sijambo, shemeji."

"Ulibandika ya twiga au ya kahawa?"

Hakuna aliyecheka, na hilo lilimpa Clementi ujasiri wa kusimama zaidi. Alisema kwamba yeye hana ugomvi na mtu. Tarehe 14 kila mmoja aje Butiama na karatasi yake, mwenye jina kwenye karatasi achukue shamba. Kisha akaenda zake, akikanyaga kwa uangalifu kwenye mipaka ambayo alikuwa ameshaizoea. Leodgar aliingia ndani na hakutoka mpaka watu wote walipoondoka.

Barua ya Musoma ilifika tarehe 9 Novemba. Ilikuwa na muhuri, kama ilivyoahidiwa ukurasa wa thelathini na nne. Ilisema: "Ofisi hii inathibitisha kupokea bahasha arobaini na moja (41) kutoka kwa wananchi. Majina ya wananchi hao hayatajwi kwa ajili ya kulinda usiri wa kura zao. Bahasha zimehifadhiwa salama." Eufrasia, ambaye hakusoma zaidi ya darasa la pili, aliitazama karatasi kwa muda akitafuta umbo la jina lake, umbo analolijua. Halafu aliuliza kama huenda liko nyuma.

Baraza lilikaa Butiama katika chumba cha darasa, wajumbe watano kwenye madawati ya watoto. Clementi alizungumza kwa ufupi: mwanamke alihama, shamba ni la ukoo, kama anabisha aonyeshe. Eufrasia alitoa barua. Ilipita mkono kwa mkono, na kila mjumbe aliukagua muhuri kabla ya maneno. Clementi aliomba kuiona pia, akairudisha kwa mikono miwili.

"Wazee wangu, hapa wameandika wananchi. Hata mimi ni mwananchi."

Leodgar aliomba kutoa ushahidi. Alieleza kwamba shahada aliiona kwa macho yake, alisoma jina na kitongoji, na kwamba kosa lote ni lake. Mwenyekiti, mtu mzee na makini aliyekuwa akiandika kila neno, alimuuliza kama ni yeye aliyetia sahihi ya shahidi mara arobaini na moja kwa utaratibu usiokuwapo katika sheria.

"Ni mimi."

"Na wakati huo uliamini unachokishuhudia ni kweli?"

"Niliamini."

"Kama unavyoamini leo?"

Leodgar alikaa chini bila kuruhusiwa. Eufrasia aliulizwa kama ana neno. Alisema kwamba mvua zimeanza, majirani wameshapanda, na yeye anaomba tu aambiwe kama alime au asilime, kwa sababu mbegu haijui baraza. Wajumbe walitoka nje kushauriana chini ya upenu, mvua ikiwalowanisha mabega. Waliporudi mwenyekiti alisoma uamuzi kutoka kwenye daftari lake, polepole, ili pande zote mbili zisikie.

"Baraza limeridhika kwamba ushahidi wa mlalamikiwa upo, na kwamba umehifadhiwa salama Musoma. Kwa kuwa si haki kuamua shauri huku ushahidi ukiwapo lakini haujaonekana, shauri linaahirishwa mpaka bahasha zitakapofunguliwa kwa mujibu wa sheria. Hadi hapo, ili kuepusha upendeleo, shamba lisilimwe na upande wowote."