Kichwa cha Nahodha

Nyundo alikuwa na furaha ya mtu aliyeiba na hakuonekana. Aliingia kwenye jengo la picha za ubongo akipiga mluzi, mama yake nyuma akihema kwa ngazi, na kila aliyekutana naye kwenye korido alisalimiwa kama ndugu wa siku nyingi: mlinzi, mfagizi, hata profesa mmoja aliyekuwa anahangaika kufunga mwavuli.

"Fainali Jumamosi, mzee! Usikose!"

Profesa akaitikia kwa kuuangusha mwavuli.

Nani asingefurahi? Timu ya raga ya wasichana ya chuo haikuwahi kufika fainali tangu iundwe, na aliyeifikisha ni yeye, nahodha. Jina la Nyundo hakupewa kwa hisani. Kwenye nusu fainali alimkaba msichana mmoja mwenye mwili wa kabati, wakaanguka wote wawili, goti la yule kabati likamkuta Nyundo pembeni ya kichwa, pwaa! Aliinuka akiona vimulimuli, akauliza wanashambulia upande gani, akaoneshwa, akaendelea. Wakashinda. Tangu siku hiyo alikuwa anacheka bila breki, na ukimuuliza habari za kichwa anakujibu, "Kichwa kipi? Hiki? Kizima kabisa!"

Ila chuo kina kanuni yake. Mwanzoni mwa msimu kila mchezaji huingizwa kwenye mashine, ubongo wake ukapigwa picha huku akifanya jaribio la kumbukumbu. Akija kugongwa kichwa, anarudishwa mle mle, na alama zake mpya zinalinganishwa na zile za kwanza. Zikishuka, ana mtikiso wa ubongo, anakaa benchi wiki kadhaa. Zisiposhuka, anacheza. Basi.

Sasa ngoja nikuambie ujanja wa Nyundo. Mwanzoni mwa msimu aliwakusanya wenzake kwenye chumba cha kubadilishia nguo, akafunga mlango kwa mgongo, akasema, "Wasichana, lile jaribio tufeli. Na tufeli vizuri. Ukianzia chini kabisa, hata ugongwe na treni, utashuka kwenda wapi?" Jamani, walicheka mpaka wakashikana mabega. Halafu wakaenda wakafeli kweli kweli. Mmoja aliulizwa mbona habonyezi herufi zinapojirudia, akasema, "Herufi gani tena?" Mwingine alisinzia ndani ya mashine akakoroma. Nyundo mwenyewe alikuwa akibonyeza kitufe kama mtu anayeua mbu. Alipata tisa kati ya ishirini, akatoka anajipongeza.

Ndiyo maana leo roho yake ilikuwa kwatu. Kupata tisa ni kazi hiyo?

Mtafiti waliyemwita Daktari wa Picha, dada kijana mwenye miwani mikubwa kuliko uso, aliwapokea mlangoni. "Mama, ndani kuna sumaku kubwa sana. Chochote cha chuma kinabaki hapa."

Mama yake Nyundo alikuwa fundi cherehani, na huyo hata usingizini hukosi kumkuta na pini. Akaanza kuchomoa. Pini za kwenye ukosi. Pini za kwenye kilemba. Sindano mbili za kwenye mkono wa blauzi. Mkasi mdogo. Futikamba yenye ncha ya bati. Halafu pini nyingine, kutoka mahali ambapo Daktari wa Picha alilazimika kutazama pembeni.

"Mama, utabaki na nguo kweli?" Nyundo akauliza.

"Funga mdomo wako! Hizi ndizo zilizokusomesha."

"Ahsante, mama," akasema Daktari wa Picha kwa adabu zote. "Ila wewe utakaa na mimi huku nje, upande huu wa kioo."

"Sasa si ungesema kabla sijabaki hivi, mwanangu?"

Nyundo aliingizwa kwenye lile tundu akiwa bado anacheka, akaambiwa mara mbili atulie. Juu ya macho yake kulikuwa na kioo kidogo, na kwenye kioo herufi zinapita moja moja. Kazi yake ilikuwa kubonyeza kila herufi inapofanana na ile iliyopita herufi mbili nyuma. Mashine ikaanza kupiga kelele kama mafundi wanaoezeka mabati kwa hasira.

Angeweza kubonyeza ovyo tu na mambo yakaisha. Lakini nyuma ya kioo cha dirisha yupo mama, ambaye tangu darasa la kwanza humwita kichwa maji mbele ya wateja, na leo anafuatilia kila kitu kwenye kompyuta. Nyundo akaona hapana, leo namwonesha. Leo nazoa zote ishirini. Akakaza macho, akakunja vidole vya miguu, akafanya lile jaribio kufa na kupona. Herufi zilikuwa zinamponyoka kidogo, sawa, lakini nani hajawahi kuponyokwa na herufi? Alibonyeza, akabonyeza, mpaka kijasho kikamtoka mgongoni. Alipotolewa nje alikuwa na hakika ameua.

Mama alikuwa ameganda mbele ya kompyuta. "Huu ndio ubongo wake?"

"Ndio wenyewe, mama."

"Kumbe upo!"

Wakacheka wote watatu, Daktari wa Picha akafuta miwani, akavuta karatasi ya majibu. "Haya. Alama tisa kati ya ishirini. Sawasawa na mwanzoni mwa msimu, haijapungua hata moja. Hongera, nahodha."

Mama akapiga kigelegele kilichomtoa mlinzi kwenye kiti chake huko chini. Palepale akampigia simu mdogo wake. "We mama mdogo, panga safari! Jumamosi binti yetu anacheza fainali! Eeh! Kichwa kizima, daktari kasema, mimi mwenyewe nimekiona kwa ndani!"

Nyundo naye alikuwa anacheka. Halafu kicheko kikakatika.

"Tisa?" akauliza.

"Tisa."

"Hebu hesabu tena, dada."

Daktari wa Picha akahesabu tena, kwa kidole. Tisa.

"Tena kuna kitu kinanisumbua," akasema, akaweka picha mbili sambamba kwenye kompyuta. "Hii ya mwanzoni mwa msimu, tazama, shwari, kama ofisi siku ya mapumziko. Hii ya leo, kila mahali panawaka. Ubongo wako leo umefanya kazi ya punda, nahodha, na umeleta alama zilezile. Sielewi kabisa. Lakini picha bado ni za utafiti, haziamui lolote. Zinazoamua ni alama. Umesema huumwi kichwa?"

"Siumwi."

"Basi natia sahihi, daktari wa timu atakuruhusu." Akatoa kalamu.

Nyundo akaitazama ile kalamu. Aliogopa, na hakuwahi kuogopa vile hata alipomwona yule kabati anamjia mbio. Mle ndani hakuna aliyekuwa anajua ila yeye. Angenyamaza tu, akatoka pale, Jumamosi akaiongoza timu uwanjani chuo kizima kikiimba jina lake, mama na mama mdogo jukwaani. Kunyamaza tu. Kungemgharimu nini?

"Mama, kata simu."

"Ngoja, namwelekeza mama yako mdogo basi la..."

"Mama, kata simu, tafadhali." Akamgeukia Daktari wa Picha. "Dada, usiandike. Leo nimejitahidi."

"Najua, nimeona," akasema Daktari wa Picha. "Umetoa jasho."

"Hunielewi. Leo nimejitahidi kwa nguvu zangu zote. Siku ile ya kwanza nilikuwa nacheza tu. Nilifeli makusudi. Na leo nimepata tisa."

Kalamu ikarudi mezani. Mama akakaa, simu bado mkononi, mama mdogo anaita "Haloo? Haloo?" peke yake.

"Kichwa maji wee!" Mama alipopata pumzi ndilo lililomtoka. Akamvuta binti yake, akampiga kofi la mgongoni, akamkumbatia palepale kabla kofi halijapoa. Nyundo akalia, na katikati ya kulia akashikwa na kicheko, akashindwa kuvitenganisha.

"Nitapona?"

"Wengi hupona wakipumzika vizuri," akasema Daktari wa Picha. "Balaa ni kugongwa tena kabla hujapona."

"Na Jumamosi?"

"Utashangilia ukiwa umekaa."

"Atakaa mapajani kwangu," akasema mama, "na akiinuka namshonea kwenye sketi yangu!"

Wakacheka tena, ila Daktari wa Picha ndiye aliyenyamaza wa kwanza. "Nahodha. Siku ile ulicheza wewe peke yako?"

Nyundo akatazama dari.

"Timu nzima?" Macho yakamtoka pima nyuma ya ile miwani. "Mungu wangu, mimi nimeshaanza kuandika makala! Msimu mzima najiuliza wasichana hawa wanafikaje uwanjani bila kupotea njia!" Akashika kichwa, akacheka kwa kukosa la kufanya, kisha akamsogezea Nyundo simu. "Wapigie. Sasa hivi."

Walikuwa mazoezini. Simu iliwekwa kwenye spika, na zikamwagika kelele, nyimbo, na mtu akipiga ndoo. "Nahodha! Umefaulu?"

"Sichezi," akasema Nyundo.

Ikawa vurugu. Wengine wanazomea wakidhani ni utani, wengine wanauliza ni nani kamkataza wamfuate. Nyundo akawaacha wamalize, kisha akawaeleza yote: tisa ya utani, na tisa ya jasho. Kelele zikapungua, ndoo ikanyamaza.

"Kuna mtu mwingine aliyegongwa msimu huu, akaja kupimwa, akaruhusiwa?"

Mbali kidogo filimbi ya kocha ililia, hakuna aliyeifuata.

"Mimi," akasema msichana waliyemwita Upepo, kwa mbio zake za pembeni. "Kichwa kinaniuma tangu mechi ya pili. Usiku silali. Nikasema, karatasi inasema niko sawa, basi labda ni uvivu wangu."

"Mbona hukuniambia?"

"Nikuambie nini, nahodha? Nilifaulu."

Nyundo akaziba mdomo kwa kiganja. Mama akamshika bega.

"Na mimi," ikasema sauti nyingine kwenye simu, ndogo, ya yule aliyekoroma kwenye mashine.

"Njooni," akasema Nyundo. "Wote, na jezi zenu hivyohivyo. Na safari hii mjibu kweli."