Maji Yamezidi

Sheria ya asali haina ulimi. Wewe sema tamu, lamba vidole, yenyewe itakuuliza: ina maji kiasi gani? Yakipita asilimia ishirini, neno "asali" litoke kwenye lebo, na ukitaka kulia, lia.

Binti mmoja wa maabara aliipenda sheria hiyo kuliko usingizi. Wenzake walimwita Bi Tone, maana hakuamini kitu mpaka akidondoshe kwenye kioo cha kipimo. Chupa zilipangwa dirishani kwake, jua likapita ndani yake, ukuta mzima ukageuka manjano, naye akashinda humo akielea, nusu kazini nusu ndotoni.

Siku moja akafungua chupa, na harufu ikamchukua. Uchachu kidogo, maua, mbao za zamani. Akajikuta mtoto, kalala kifudifudi sakafuni kwao, mdomo unanata. Ilikuwa asali ya mama yake, anayefuga wale nyuki wadogo wasiouma. Duka kubwa lilikuwa limekubali kuiuza, ilibaki lebo tu. Nyuki wale hawakuwahi kufika maabara, wala Bi Tone hakuwahi kuwapimia asali yao. Ya nini, naye aliila toka hajaota meno?

Akadondosha tone, akachungulia. Akafuta kioo, akachungulia tena. Lahaula! Maji yalikuwa yamepita, tena si haba. Watu wanaotia maji kwenye asali aliwajua, na wote walikuwa na sura za upole. Na mama je? Wazo likapita, akalifukuza, likarudi na kukaa. Akapiga simu.

"Mama, asali yako maji yamezidi."

"Mimi nimetia maji?"

"Sijasema umetia. Nimesema yamezidi."

"Yamezidi yenyewe, yamepanda kwa ngazi! Haya mwanangu. Kweli asante ya punda mateke." Simu ikakatwa.

Juma zima Bi Tone hakuonja usingizi wa maana. Jumamosi akatia kipimo mkobani, huyo, kwa mama yake.

Mama alimpokea kwa "karibu" kavu, akamwongoza uani bila kuuliza la zaidi. Mzinga ulining'inia chini ya paa, na nyuki wadogo kama mbegu walipita masikioni mwao taratibu, hawana haraka na mtu. Mchana ulikuwa mzito, mtamu, wa kumfanya mtu asahau alichofuata. Mama akafunua kifuniko. Ndani vijungu vya nta vilikuwa vimebanana, kila kimoja kimezibwa na nyuki wenyewe. Bi Tone akatoboa kimoja, akadondosha tone kwenye kioo, akakielekeza juani. Buluu juu, nyeupe chini, na mstari katikati. Mstari ulikuwa pale pale uliposimama kwa ile chupa ya maabara!

"Mama, si wewe!" Akaruka kama mtoto. "Ni wao wenyewe! Asali yao ndiyo hivyo, nyepesi, ina maji toka mzingani! Sheria waliiandika wakiwaza nyuki wakubwa. Lebo tutaiandika vingine, lakini hakuna atakayekuita tapeli!"

"Nani aliniita tapeli?"

Bi Tone akacheka, kisha kicheko kikamwishia njiani.

"Hicho kijungu," mama akauliza, "mimi sikukigusa, eti?"

"Hukukigusa, kilikuwa kimezibwa."

"Kwa hiyo sasa una hakika."

"Hakika kabisa, mama."

Mama akarudisha kifuniko polepole, asibane nyuki hata mmoja. Akajifuta mikono kwenye kanga. Hakuwa na hasira, na afadhali angekuwa nayo.

"Nilipokuona unaingia nilifurahi," akasema. "Nikajua umekuja kuniomba radhi. Kumbe umekuja kunipima."