Ng'ombe Mmoja wa Yak

Madaktari watano walimaliza ubingwa wa magonjwa ya akili Nairobi mwaka ule wa tisini na saba, na wanne kati yao walijua waendako kabla wino wa mtihani haujakauka. Mmoja alikuwa na tikiti ya London. Mwingine alikuwa amekodi vyumba viwili karibu na Barabara ya Ngong na kununua kochi la ngozi. Wawili walibaki chuoni kufundisha, maana mshahara wa chuo ni mdogo lakini kiti hakitikisiki. Wa tano alikuwa Ekal Lokiru, mtoto wa mfugaji wa Turkana, na yeye alitaka kurudi Lodwar. Wenzake walidhani anatania. Hakuwa anatania.

Kizuizi kilikuwa kimoja. Lodwar haikuwa na kitanda hata kimoja cha mgonjwa wa akili, na wizara haimpeleki bingwa mahali pasipo na kitanda. Lakini shirika moja lililohudumia wakimbizi Kakuma lilisema litajenga wodi ndogo Lodwar, vitanda vinane, kwa wakimbizi na wenyeji pamoja, mradi mtaalamu kutoka Nairobi aje aone kwa macho yake na aandike kwamba wagonjwa wapo kweli. Mtaalamu huyo alikuwa Profesa Kithinji, mwalimu wa Ekal mwenyewe. Akiandika ndiyo, Ekal anafanya kazi nyumbani. Akiandika hapana, Ekal anafunga sanduku.

Profesa aliteremka kwenye ndege ndogo uwanjani Lodwar asubuhi ya Jumanne, amevaa tai. Adome, dereva wa hospitali, aliyekuja na Ekal kumlaki, alipokea mkoba wake.

"Ejok," Adome alisema. "Mzee, hiyo tai utaifungua kabla hatujatoka mjini."

"Ejok ndiyo nini?"

"Salamu. Ukiijibu vizuri unaweza kupewa mke."

"Ninaye mmoja na ananitosha mpaka nimekuja huku kupumzika," Profesa alisema, na Ekal akajua siku imeanza vizuri.

Wakangoja msafara wa magari yenye askari, kwani barabara ya Kakuma siku hizo hukuipita peke yako ukiwa bado unaipenda roho yako. Njiani vumbi liliingia hata penye madirisha yaliyofungwa. Tai ilifunguliwa.

"Ekal," Profesa alisema, "wewe ndiye uliyewashinda wenzako wote kwenye mtihani. Nafasi idarani kwangu ipo. Kwa nini unataka kuja kufa kiu?"

"Nilizaliwa na kiu, Profesa. Nimeizoea."

"Na wagonjwa utawatoa wapi? Watu hawa wana mila zao, wana wazee wao. Utakaa kwenye wodi yako tupu utibu mbuzi."

"Mbuzi wa huku wana akili timamu. Wenye shida ni watu."

Adome alicheka peke yake kwa muda mrefu.

Ekal hakuwa na wasiwasi. Kwa miezi miwili alikuwa akizunguka kambini, na daftari lake lilikuwa na majina arobaini. Alijua ataanza na nani: Yak, mwanamume wa Kidinka kutoka upande wa Bor, kusini mwa Sudan, wa miaka thelathini na mitano hivi, ambaye majirani zake walikuwa wameshaanza kuwaondoa watoto njiani anapopita. Ekal alikuwa amemwona mara moja tu, kwa mbali, na majirani walikuwa wamemweleza mengine. Mgonjwa kama huyo, alijiambia, hata kipofu atamwona.

Hapo alikosea.

Walimkuta Yak nje ya kliniki ya kambi, amesimama juani, mikono yote miwili ameiinua juu ya kichwa na kuikunja kama pembe. Alikuwa akiimba. Sauti yake ilikuwa kubwa na nzuri, na miguu yake ilikanyaga chini kwa mpigo. Watu wachache walisimama kumtazama. Pembeni, kwenye kigogo, aliketi dada yake Akon, muuza chai wa sokoni, ambaye kambini walimwita Mama Agot kwa jina la binti yake. Mkalimani alikuwa Alier, Mdinka pia, lakini mtoto wa karani wa Juba, mtu aliyemfahamu ng'ombe kwenye supu tu.

"Anaimba nini?" Profesa aliuliza.

"Ng'ombe," Alier alisema. "Ni maksai wake. Kwetu mwanamume anapewa maksai akiingia utu uzima. Anajiita kwa jina la huyo maksai, anamwimbia. Mikono ile ni pembe. Si kitu, daktari. Wazee wetu wote wako hivyo."

"Na maksai mwenyewe yuko wapi?"

"Vita ilimkula zamani."

Profesa alimgeukia Akon. "Mama, ndugu yako ni mgonjwa?"

Akon alijifunika mdomo kwa upande wa shuka. "Hapana. Yeye naimba tu. Moyo yake iko huzuni, naimba."

"Analala?"

"Nalala."

"Anakula?"

"Nakula vizuri."

Profesa alimtazama Yak kwa muda, na uso wake ukalainika kabisa. Akatoa kalamu. Ekal alisogea akaona anachoandika: mila, si ugonjwa.

"Profesa, ngoja."

"Hapana, ngoja wewe." Profesa alimshika mkono, akamvuta hadi kwenye kivuli cha ukuta. "Mwaka wa sabini na nne nilikuwa kijana kama wewe, cheti bado kina joto. Waliniletea mzee mmoja aliyekuwa akimwaga maziwa kila asubuhi na kuzungumza na babu yake aliyekufa. Nikamfungia miezi minne. Sindano asubuhi, sindano jioni. Alikuwa anaomba baraka, Ekal. Hakuwa mgonjwa kuliko mimi. Alipotoka hata kijiko hakuweza kushika, na mkewe alikuwa ameshaolewa kwingine. Niliapa sitamfunga mtu tena kwa kuimba."

Hadithi ile ilimwingia Ekal. Angekuwa mtu wa kuogopa wakubwa angekubali, akapanda ndege, akakaa kwenye kiti kisichotikisika. Lakini alikuwa amesikia kitu kwenye ule wimbo, na kitu chenyewe hakikutoka chuoni. Kilitoka kwa baba yake.

Baba yake, mzee Lokiru, alikuwa na maksai wa rangi ya majivu. Alimwimbia asubuhi akimtoa zizini, alimwimbia kwenye ngoma, na maksai yule alipokufa mzee aliendelea kumwimbia miaka kumi na miwili. Jina la mke, mzee aliweza kulisahau. La watoto aliyachanganya kila siku. Lakini rangi ya maksai wake na mpindo wa pembe zake hakuvikosea hata homa ilipompanda akaanza kuweweseka. Awe Mturkana au Mdinka, Ekal alijua, mfugaji ni mfugaji. Kuna mambo hayapotei.

"Profesa, nipe nusu saa," alisema. "Nikikosea, andika ulichoandika na mimi nitakubebea mkoba hadi uwanjani."

"Nusu saa."

Ekal aliingia juani, akachuchumaa karibu na Yak jinsi wanaume wa mifugo wanavyochuchumaa, matako yasiguse chini, fimbo mbele. Hakuuliza juu ya usingizi wala sauti zinazosikika kichwani. Alisema kupitia Alier, "Mwambie nataka kumwona maksai wake. Na wewe usinieleze wimbo. Nitajie rangi na pembe, basi."

Yak alifurahi. Midomo yake ilikuwa imepasuka na nyayo zake zilikuwa na vidonda vibichi, lakini alifurahi kama bwana harusi. Akaanza.

"Mweupe," Alier alisema. "Mweupe kama ndege wa mtoni. Pembe ya kulia imepinda mbele."

Wimbo ukaenda.

"Sasa anasema mwekundu. Pembe zimenyooka, zinagusa mawingu."

Wimbo ukazidi kasi, maneno yakaanza kupandana.

"Madoa meusi na meupe. Hana pembe." Alier alisita. "Sasa anasema maksai wake ni tangi la maji. Sasa ni yeye mwenyewe, na mito yote inamtii."

"Tangi la maji," Ekal alirudia.

"Ni ushairi," Profesa alisema kutoka kivulini. "Washairi ndivyo walivyo. Na pengine alikuwa na ng'ombe watatu."

"Ng'ombe anaweza kuwa na mia. Wa kumwimbia ni mmoja. Mwanamume hawezi kumkosea rangi, Profesa, kama wewe usivyoweza kukosea jina lako."

"Hiyo ni mila yenu Waturkana. Huyu ni Mdinka. Kijana wa kwao amesema si kitu."

"Alier, umewahi kuchunga?"

Alier alicheka kwa aibu. "Daktari, mimi baba yangu alikuwa na baiskeli."

Ekal akainuka, akamwendea Akon. Hakumwita Mama Agot kama muuza chai. Alimsalimia kwa heshima, kama anavyosalimiwa binti wa watu wenye mifugo, kisha akamuuliza kwa Kiswahili chepesi, "Dada, maksai wa Yak alikuwa yupi?"

Akon alikuwa amejiandaa kwa maswali ya hospitali. Juu ya usingizi alidanganya, juu ya chakula alidanganya, na angedanganya mpaka jua lizame. Swali hili lilimkuta mikono mitupu. Kudanganya juu ya maksai wa ndugu yako ni kumtukana ndugu na baba aliyempa. Shuka ilianguka mdomoni.

"Malual," alisema. "Mwekundu. Pembe ya kushoto naanguka hapa, karibu na jicho. Baba alimkata mwenyewe hiyo pembe ianguke hivyo. Mwingine hakuna."

"Na anayemwimba leo?"

Akon alimtazama ndugu yake, ambaye wakati huo alikuwa akiliamuru tangi la maji la kambi ligeuke upande wa Bor.

"Huyo mimi sijui," alisema polepole. "Siku kumi na moja sasa hakuna usingizi. Kadi ya chakula amepatia mtu hajui. Jiko yangu ametupa laga, huko mto kavu. Usiku natembea, natembea, miguu nakwisha."

"Kwa nini hukusema?"

Sasa alikasirika. "Nikisema, nani ataoa Agot? Watu ya Awan, ukoo ya kijana, wamekuja mara mbili kuuliza. Wakisikia mjomba ya msichana ni kichaa, mara ya tatu hawarudi. Wewe daktari utamwoa?"

"Mimi nimeoa," Ekal alisema. "Na sitakudanganya. Akiendelea hivi juma moja zaidi atakufa barabarani, na watu wa Awan watakuja mazishini, wataona wenyewe. Akitibiwa, wiki sita au nane, atakaa nao aongee mambo ya mahari kama mjomba. Ugonjwa wake una dawa. Kuna mengine kwenye daftari langu hayana, na wenyewe nimewaambia."

"Utasema kwa watu ana kichaa?"

"Sitasema uongo. Lakini hakuna anayeniuliza nikalazimika kujibu. Utasema wewe unachotaka."

Akon aliinuka, akapangusa vumbi kwenye nguo. "Mimi nakwenda na yeye. Hospitali yenu hajui chakula yake."

"Ndivyo nilivyotaka."

Profesa alikuwa ametoka kivulini. Alisimama mbele ya Yak, akamtazama upya, na mara hii aliangalia miguu, midomo, macho yasiyotulia. Alimshika kifundo cha mkono akahesabu mapigo ya moyo. Akahesabu tena, hata Alier akaanza kuchora vumbini kwa kiatu.

"Nilitazama mikono tu," Profesa alisema mwishowe.

"Ulitazama yule mzee wa maziwa," Ekal alisema. "Yule ulimfungia akiwa mzima. Deni lake hulilipi kwa kumwacha huyu akiwa mgonjwa."

"Una mdomo mchafu kwa mtu ambaye cheti chake hakijasainiwa."

"Ndiyo, Profesa."

Yak hakukataa gari. Alilichukua kuwa ni lake na akamshukuru Adome kwa kulitunza. Akon alikaa upande mmoja na furushi lake, Ekal upande wa pili, na Yak akameza vidonge vya kwanza kwa chai ya dada yake akiendelea kutoa amri. Wodi ya wanaume Lodwar ingempa kona nyuma ya pazia. Ekal alikuwa ameshapatana na muuguzi mkuu tangu juzi, kabla ndege haijatua.

Profesa alikaa mbele, ubao wa kuandikia magotini. Alilikata lile neno mila kwa mstari mmoja mnene, akajaza ukurasa mzima kwa mwandiko wa haraka, akaupindua na kuupitisha nyuma kwa Ekal.

"Nimependekeza vitanda vinane. Lakini nimeona wodi nyingi zilizojengwa kwa sherehe, daktari akaondoka, zikawa stoo za saruji. Hapo chini kuna nafasi. Andika kwa mkono wako kwamba utakaa miaka mitano. London ikikuita, idara yangu ikikuita, hutoki. Usipoandika, sisaini."

Ekal hakuomba apewe siku ya kufikiri. Aliegemeza karatasi kwenye paja, akaandika, akatia sahihi, akairudisha.

Profesa alivaa miwani. "Umeandika saba."

"Ndiyo."

"Nilisema tano."

"Mitano ni ya kutibu," Ekal alisema. "Miwili ya mwanzo ni ya kukaa sokoni ninywe chai, mpaka watu waache kunificha wagonjwa."

Akon, ambaye alisikia neno chai, alisema kikombe chake si cha bure.

Profesa akasaini. Mbele yao magari ya msafara yalikuwa yameshawashwa, askari wanapanda, na Adome akatia gia.